Wiki Tatu Glasgow, Alikokwenda Binti Yetu Kusomea Moyo

Mwezi wa Desemba jua la Glasgow huchomoza saa 2:45 asubuhi na kuzama saa 9:45 alasiri. Katikati ya nyakati hizo halipandi utosini kama tulivyozoea sisi watu wa Tanga, bali huambaa ukingoni mwa mbingu kama mgonjwa atembeaye huku ameshika ukuta, na siku nyingi halionekani kabisa kwa mawingu na manyunyu. Mji wenyewe umejengwa kwa mawe, mengine mekundu, mengine ya rangi ya mchanga, katika kingo mbili za mto Clyde, magharibi ya Scotland. Kwa zaidi ya karne moja mto huo ulikuwa karakana kubwa ya meli. Queen Mary, meli iliyojulikana dunia nzima, iliteremshwa majini hapo Clydebank mwaka 1934. Leo karakana zilizobaki ni chache. Winchi moja kubwa ya Finnieston imeachwa imesimama kando ya maji, haipakii wala haipakui, ili watoto waliozaliwa juzi wajue babu zao walikuwa wakifanya kazi gani.

Sisi hatukwenda kutazama winchi. Binti yetu wa pili amekuwa katika mji huo kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikwenda kusomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa kibayolojia, elimu ambayo katika hospitali zetu hujulikana zaidi kwa jina la uhandisi tiba. Ni elimu inayoutazama mwili wa mwanadamu kama fundi wa maji anavyoutazama mtandao wa mabomba, au mjenzi wa daraja anavyozitazama nguzo, kisha ikatafuta kitu cha kusaidia pale mwili ulipodhoofika. Mguu wa bandia, mashine ya kusafisha damu, kifaa cha kumsaidia mtoto njiti apumue, valvu ya moyo: hivyo vyote ni vya nyumba hiyo moja. Masomo aliyamaliza Agosti, na tangu hapo amekuwa msaidizi wa utafiti katika maabara. Oktoba akatuandikia kwamba amepewa nafasi ya uzamivu, miaka mitatu, gharama zote zikiwa zimelipwa, na kwamba hatatia saini popote mpaka asikie neno letu. Mmoja wetu alitaka arudi nyumbani. Mwingine alitaka aendelee. Tukaona kuliko kubishana mezani kila usiku, ni afadhali twende tukaone kwa macho. Kaka yake aliyeko Muscat akatukatia tiketi, Allah amzidishie.

Kabla ya kuendelea na mji, tuseme machache juu ya njia ya kufika huko, kwa kuwa wazazi wengi wametuuliza tangu turudi. Ada ya mwanafunzi mgeni Uingereza ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji, na chuo hakikuoni huruma kwa kuwa umetoka mbali. Juu ya ada kuna fedha za kujikimu, ambazo lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata shilingi, ndipo ombi la viza lipokelewe. Kuna ada ya matibabu, hulipwa yote kabla ya safari. Kuna cheti cha kupimwa kifua kikuu. Sisi hatukutaka mkopo wenye riba, wala hatukupata ufadhili mwaka ule, ingawa ufadhili upo, ukiwemo ule wa nchi za Jumuiya ya Madola, na mzazi mwenye mtoto hodari aanze kuuulizia mwaka mzima kabla. Tuliuza kiwanja cha Pongwe. Tunalisema hili wazi kwa sababu watu hudhani mtoto wa mtu akienda Ulaya kuna siri nyuma yake. Siri ni kiwanja.

Na mtu asidhani kwamba lazima aanzie ng'ambo. Uhandisi tiba unafundishwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Teknolojia na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na unafundishwa Makerere. Binti yetu alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo ya hapa hapa nchini, na alikuta darasani Glasgow kwamba hesabu alizofundishwa nyumbani hazikuwa pungufu kwa lolote. Alichokikosa nyumbani ni mashine za kufanyia majaribio. Jambo hilo tutalirudia.

Chuo Kikuu cha Strathclyde kimejengwa juu ya kilima katikati ya mji, na barabara inayopanda kilima hicho inaitwa Rottenrow. Siku ya pili alitupandisha hapo taratibu, mmoja wetu akiwa na magoti mabovu. Juu ya kilima kuna bustani, na katika bustani hiyo imesimamishwa pini ya nepi ya chuma, kubwa kuliko nyumba. Tulicheka. Kisha akatueleza kwamba hapo ndipo ilipokuwa hospitali ya wazazi ya Glasgow kwa zaidi ya miaka mia, na pini ile ni ukumbusho wa maelfu ya watoto waliovutia pumzi ya kwanza mahali pale. Mwaka 1888, katika hospitali ya wazazi ya mtaa huo, daktari Murdoch Cameron alimpasua mama mmoja mfupi, ambaye nyonga zake zilikuwa zimebanwa na ugonjwa wa matege, akamtoa mtoto salama na mama akapona. Wakati ule upasuaji wa kuzaa ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Wanawake wenye nyonga za namna ile walikuwa wengi Glasgow, kwa sababu moshi wa viwanda ulikuwa umelizidisha uhaba wa jua. Tukalitazama lile jua linaloambaa, tukaelewa.

Hata sasa jambo hilo halijaisha. Serikali ya Scotland huwashauri watu watumie vitamini D, hasa kati ya Oktoba na Machi, na mkazo ni zaidi kwa wenye ngozi nyeusi na wanaojifunika mwili. Mzazi mwenye binti anayevaa hijabu akimpeleka kaskazini namna hiyo, amnunulie vidonge hivyo pamoja na koti.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Hospitali ya Kifalme ya Glasgow. Humo, Agosti 1865, Joseph Lister alilifunga jeraha la mtoto wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki, na mguu ukapona bila kuoza. Humo pia, mwaka 1896, John Macintyre alianzisha idara ya eksirei, mwaka mmoja tu baada ya miale hiyo kugunduliwa. Na kando ya kanisa kuu lililo jirani kuna sanamu ya David Livingstone, ambaye watu wa pwani yetu hawahitaji kuambiwa ni nani. Alizaliwa Blantyre karibu na Glasgow, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, akasomea utabibu katika chuo kilichokuja kuwa hiki cha Strathclyde. Sisi tulisimama mbele yake tukiwakumbuka zaidi Susi na Chuma, walioubeba mwili wake kwa miezi kama tisa kutoka ndani ya bara hadi Bagamoyo mwaka 1874. Binti yetu yeye aliukumbuka mfupa. Simba alimvunja Livingstone mkono wa kushoto juu ya kiwiko mwaka 1844, mfupa haukuunga sawasawa, ukajifanyia kiungo cha uongo. Mwili ulipofika London, ni mfupa huo uliowathibitishia madaktari kwamba maiti ni yake. "Baba," akasema, "mhandisi angemwekea chuma akaunga." Kila mtu huona kile alichokisomea.

Lakini habari iliyotukaa moyoni kuliko zote ni ya altrasaundi. Hakuna mama kijana leo Tanga, Mombasa au Bukoba ambaye hajalala kitandani akapakwa mafuta ya baridi tumboni, akaonyeshwa mtoto wake kwenye kioo. Sisi tulidhani kifaa hicho kilizaliwa katika hospitali kubwa ya Marekani. Kilizaliwa Glasgow, na kilizaliwa kutokana na mafundi wa vyuma.

Mwaka 1955 profesa wa ukunga wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Ian Donald, alipata habari kwamba kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichoko Renfrew, nje kidogo ya mji, kinatumia mawimbi ya sauti isiyosikika kwa masikio kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kiwanda hicho kilitengeneza matangi makubwa ya mvuke, na tangi lenye ufa usioonekana huua watu. Donald alikuwa ametumikia jeshi la anga wakati wa vita, akaizoea rada. Akajiuliza: kama sauti inaweza kuona ufa ndani ya chuma, kwa nini isione uvimbe ndani ya tumbo? Akapakia katika gari vivimbe vilivyokwisha kutolewa kwa wagonjwa, akavipeleka kiwandani. Mafundi wakamletea kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Wakapima. Uvimbe wa maji ulitoa mwangwi wa namna yake, uvimbe mgumu namna yake, na nyama namna yake.

Kisha akatokea mhandisi kijana, Tom Brown, wa kampuni ya Kelvin & Hughes, akaunda mashine iliyoweza kuuchora ule mwangwi ukawa picha. Miongoni mwa wagonjwa wao wa mwanzo alikuwako mama aliyeambiwa kwamba ana saratani ya tumbo isiyo na dawa. Mashine ikaonyesha kwamba kile kilichojaa tumboni ni uvimbe mkubwa wa maji katika kifuko cha mayai, ukatolewa, mama akaishi. Mwezi wa Juni 1958, Donald, Brown na daktari mwenzao John MacVicar waliiandika habari yao katika jarida la The Lancet, na kutoka hapo dunia nzima ikajifunza.

Tuliikalia habari hii kitako katika chumba chake kidogo, chai ikipoa. Hawa watu hawakungoja kuletewa. Walikuwa na meli na matangi ya mvuke, wakatazama ndani ya meli na matangi ya mvuke wakapata tiba. Si jambo geni kwetu pia: Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, miaka elfu moja iliyopita, alivichora kitabuni vyombo vya upasuaji vipatavyo 200. Tofauti ni kwamba sisi tumeizoea habari ya al-Zahrawi kama sifa ya kusomea watoto, na wao ile ya Donald wameifanya idara ya chuo. Glasgow mafundi walikuwa jirani na wagonjwa, na wagonjwa walikuwa wao wenyewe: mama zao, dada zao. Swali lilitoka wodini likaenda kiwandani kwa gari.

Hapo ndipo tulipoanza kuielewa kazi ya binti yetu, na kwa nini neno letu lilikuwa zito.

Tunaye mpwa, ana miaka 20. Alipokuwa na miaka tisa aliumwa koo mara kwa mara, akipewa panado na asali, kama watoto wote. Baadaye viungo vikamvimba, kimoja kikipoa kingine kinaanza. Alipofika miaka 14 alikuwa hawezi kupanda ngazi za madrasa bila kuketi katikati. Huo ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi: vijidudu vya koo visipotibiwa kwa penisilini, kinga ya mwili huchanganyikiwa ikashambulia vilango vya moyo, ambavyo madaktari huviita valvu, vikawa vigumu au vikavuja. Wazazi wanaosoma ukurasa huu, koo la mtoto lenye homa na usaha lisipuuzwe, apelekwe kwa daktari. Mpwa wetu sasa anachoma sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, anahudhuria kliniki ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na madaktari wamesema valvu moja itabidi ibadilishwe. Na mwaka jana amekuja mchumba.

Valvu za kubadilisha ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya kaboni ngumu. Hudumu miaka mingi sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa lazima ameze warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi huvuja damu na ikipungua huganda. Kwa msichana anayetaka kuolewa na kuzaa kuna jambo zaidi: dawa hiyo humhatarisha mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Namna ya pili hutengenezwa kwa utando wa mnyama, ng'ombe au nguruwe, ulioloweshwa dawa ukakaushwa uhai. Hiyo haihitaji warfarini ya maisha. Lakini katika mwili wa kijana hukakamaa upesi kwa chokaa, akarudi tena mezani kupasuliwa baada ya miaka michache. Habari ya nguruwe wanazuoni wameijadili, na wengi wameiruhusu kwa dharura pale ambapo hakuna badala yake. Kwa kuwa ya ng'ombe ipo, mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuiulizia, na daktari mwungwana hatachukia kuulizwa.

Basi msichana wa miaka 20 achague nini?

Binti yetu alitupeleka maabara siku ya Jumatano, tukavalishwa makoti meupe na vifuniko vya viatu. Hijabu yake huichomeka ndani ya koti na kuifunga nyuma, na hakuna anayemwuliza. Juu ya meza ndefu kuna mashine yenye vyumba sita vya kioo vilivyojaa maji, na katika kila chumba valvu moja ikifunguka na kufunga kwa kasi isiyoweza kufuatwa na jicho, mara 15 kwa sekunde. Valvu hizo si kaboni wala si mnyama. Ni za plastiki laini, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Wahandisi wa nchi mbalimbali wanatafuta plastiki itakayodumu kama kaboni na isigandishe damu kama utando. Moyo wa mwanadamu hupiga karibu mara milioni 40 kwa mwaka. Kanuni za kimataifa zinataka valvu laini ya namna hii ivumilie mapigo milioni 200, yaani miaka mitano ya moyo, kabla ya kufikiriwa kuwekwa ndani ya mtu. Kwa kasi ya mashine ile ni miezi mitano hivi, usiku na mchana, Ijumaa na Krismasi. Tulisimama tukiisikiliza. Inanguruma kama cherehani ya umeme.

Mmoja wetu akauliza: huyu mzee tuliyemwona kwenye picha ukutani ndiye mgonjwa? Maana picha zote za wagonjwa katika ukuta ule zilikuwa za wazee wenye mvi.

"Ndiyo, Mama," akajibu. "Hapa kwao wagonjwa kama dada yangu wamekwisha. Koo linatibiwa utotoni, nyumba si za msongamano tena. Wanaobadilishiwa valvu ni watu wa miaka 70 na 80, na valvu nyingi zilizoko sokoni zimefikiriwa kwa ajili yao. Mzee wa miaka 75 akipata miaka 12 ameridhika. Dada anahitaji 60."

Tangu tuondoke tumekuwa tukiyarudia maneno hayo. Elimu tuliyouzia kiwanja ni elimu ya kweli, lakini maswali yake yametoka katika wodi za wenyewe. Mtoto wetu akienda huko bila swali la kwao mfukoni, atarudi na majibu ya wazee wa Glasgow, au hatarudi, maana majibu hayo ndiyo yanayolipwa mshahara. Hatusemi hili kwa lawama. Donald naye aliwatazama mama wa mtaani kwake. Ni wajibu wa nani kuwatazama wa kwetu?

Maisha yake mengine, tukiri, yalitutuliza kuliko tulivyotarajia. Msikiti mkuu uko ng'ambo ya mto, upande wa kusini, umefunguliwa miaka ya 1980, una kuba la vioo na mnara unaoonekana kutoka darajani. Wengi wa waumini wana asili ya Pakistan, na nyama ya halali haina shida, duka liko kila upande. Tatizo ni saa. Desemba, Adhuhuri huingia saa 6:15 mchana, Alasiri saa 7:30, Magharibi saa 9:45. Sala tatu katika saa tatu na nusu, na jaribio la maabara haliwezi kuachwa katikati. Chuo kina chumba cha sala, naye amejifunza kupanga kazi yake kwa kufuata sala badala ya kupanga sala kwa kufuata kazi. Katikati ya Juni mambo hugeuka: jua huzama saa 4:05 usiku na kuchomoza saa 10:30 alfajiri, na giza la kweli haliingii usiku kucha. Wanaokumbuka Ramadhani ya mwaka 2015, iliyoanza kati ya Juni, wanasema walikaa na futari kwa muda mfupi kuliko tunavyokaa sisi na kahawa. Yeye amefunga Ramadhani ya mwanzoni mwa mwaka, siku zikiwa za wastani, na alitwambia kilichomliza hakikuwa njaa. Kilikuwa kufuturu tende mbili peke yake dirishani, mvua ikinyesha, hali anajua nyumbani uji umeshamiminwa na watoto wanagombania viazi vitamu. Wiki ya pili ya Ramadhani hiyo familia moja ya Kisomali ikamchukua, akawa kwao kila magharibi. Wazazi wanaopeleka watoto, tafuteni familia kabla ya kutafuta chumba.

Jioni ya mwisho tulikaa kulimaliza jambo letu. Anayetaka arudi alisema maneno ya haki: katika hospitali moja ya mkoa tuliyoitembelea kumwona mgonjwa, mashine tatu zimepangwa koridoni zimefunikwa shuka, zimeletwa kama msaada, hakuna wa kuzitengeneza. Shirika la Afya Duniani limewahi kuandika kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vya msaada vinavyoingia kazini. Mhandisi mmoja akirudi leo akaziamsha zile tatu, ameokoa watu leo. Anayetaka aendelee naye alisema maneno ya haki: mashine za koridoni zinaweza kuamshwa na vijana wanaohitimu Dar es Salaam, wakipewa tu vipuri na ajira, lakini swali la valvu ya msichana wa miaka 20 halimo katika ukuta wa mtu yeyote, na mashine ya mapigo milioni 200 haipo nyumbani.

Binti yetu alitusikiliza mpaka mwisho, kama alivyolelewa. Kisha akatoa karatasi. Alikuwa ameandika masharti yake mwenyewe ya kuwapelekea walimu wake: kwamba valvu atakayoifanyia uzamivu ipimwe kwa mapigo na shinikizo la moyo wa kijana, si wa mzee, kwamba vipimo hivyo avichukue kwa wagonjwa wa Dar es Salaam, kwa ruhusa ya hospitali na yao wenyewe, na kwamba kila mwaka akae nyumbani miezi mitatu. Wakikataa, atarudi Februari. Tukamwambia ayapeleke. Majibu ya walimu yalikuja tukiwa tumekwisha kurudi: sharti la kwanza na la pili wameyakubali, la tatu wamelipunguza kuwa wiki sita.

Tulipoondoka alitupa kikasha cha kumpelekea mpwa wetu, wakubwa wake wakiwa wameruhusu. Ndani ya pamba ilikuwemo valvu moja ya plastiki iliyokwisha kazi. Ilichanika pembeni mashine ikiwa imehesabu mapigo milioni 90. Mpwa alikuja kuichukua Ijumaa baada ya sala, akaiweka kiganjani, akaibinya kwa kidole kuona inavyofunguka. Akauliza milioni 90 ni muda gani. Tukamwambia ni miaka miwili na robo.

Akaihesabu harusi yake kwa vidole, akairudisha valvu katika pamba.

"Mwambieni aongeze," akasema.